Kufundisha Uchaguzi na Uunganishaji wa Chanzo cha Umeme cha Mota Ndogo

UTANGULIZI

Umeme ni miongoni mwa mada zinazopendwa sana na watoto wa shule ya msingi, na katika mada hiyo hakuna kifaa kinachowavutia kuliko mota ndogo inayozunguka. Mota hizo si adimu. Zimo ndani ya magari ya kuchezea yaliyoharibika, ndani ya redio kaseti za zamani, na katika vifaa vingi ambavyo fundi redio wa mtaani amevitupa nyuma ya kibanda chake. Mwalimu hahitaji maabara ili kuzipata. Lakini kuwa na mota ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo shabaha ya makala haya, ni kuchagua chanzo cha umeme kinachofaa na kukiunganisha ipasavyo.

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha tumeona mara kwa mara kwamba wanachuo huiruka nusu hiyo ya pili. Mota isipozunguka, mwalimu huongeza seli. Ikizunguka polepole, huongeza seli nyingine. Watoto hutazama, nao hujifunza kanuni ambayo mwalimu hakuiandika ubaoni wala katika andalio lake la somo: kwamba umeme mwingi ni bora kuliko umeme kidogo. Mtoto mwenye kanuni hiyo kichwani, akirudi nyumbani na mota mkononi, atautafuta umeme mwingi kuliko wote anaoufahamu. Umo ukutani, katika soketi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Mwalimu anayefundisha mota bila kufundisha chanzo chake amemfungulia mtoto mlango ambao hakumwonyesha namna ya kuufunga. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo mambo matatu: kwanza, aelewe mwenyewe uhusiano wa mota na chanzo chake, pili, aweze kuchagua na kuunganisha chanzo kilicho salama na kinachotosha, na tatu, aweze kuliongoza darasa lifike kwenye uelewa huo kwa kujaribu na kufikiri, si kwa kukariri.

SEHEMU YA KWANZA: MAMBO AMBAYO MWALIMU HANA BUDI KUYAJUA

(a) Volti na ampea si kitu kimoja

Tuanze na swali ambalo mwanachuo aweza kulipeleka darasani kama lilivyo. Seli moja ya tochi ina volti 1.5. Tukizipanga seli nane kwa mfululizo tunapata volti 12. Betri ya gari nayo ina volti 12. Je, seli nane za tochi zaweza kuwasha injini ya gari?

Kila mtoto atajibu kwamba haziwezi, na jibu hilo ni sahihi. Lakini mwulize sababu. Akisema kwamba betri ya gari "ina nguvu zaidi", amekaribia ukweli ila hajaushika. Volti ni kipimo cha msukumo unaousukuma mkondo wa umeme. Ampea ni kipimo cha mkondo wenyewe, yaani kiasi cha umeme kinachopita katika waya kwa kila sekunde. Vyanzo viwili vyaweza kuwa na msukumo ulio sawa, lakini kimoja kikashindwa kutoa mkondo unaotakiwa.

Sababu ya kushindwa huko imo ndani ya chanzo chenyewe. Kila seli ina ukinzani wa ndani. Tuseme kila seli ya tochi, ikiwa mpya, ina ukinzani wa ndani wa omu 0.2. Seli nane kwa mfululizo zitakuwa na omu 1.6. Hata tukizigusanisha ncha zake kwa waya mnene usio na ukinzani wowote, mkondo hautazidi volti 12 kugawanya kwa omu 1.6, yaani ampea 7.5. Stata ya gari dogo huhitaji zaidi ya ampea 100. Betri ya gari yaweza kuutoa mkondo huo kwa sababu bamba zake ni pana na ukinzani wake wa ndani ni sehemu ndogo sana ya omu moja. Ndiyo sababu pia nyaya zinazotoka kwenye betri ya gari kwenda kwenye stata ni nene kama kidole na tena ni fupi. Mkondo wa ampea 200 ukipita katika waya wenye ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 2 katika zile 12 hupotea njiani kabla ya kufika.

Kutokana na mfano huo twapata kanuni ya kwanza: Volti za chanzo ziwe sawa na zile mota inazozitaka, ampea ambazo chanzo kinaweza kuzitoa ziwe sawa na zile mota inazozitaka, au zaidi. Volti zikizidi, mota huungua au huchakaa upesi. Uwezo wa ampea ukizidi, mota haidhuriki, kwani mota huchukua kiasi kinachoihitaji tu. Mwanachuo airudie kanuni hii mpaka imkae, maana watu wengi huzichanganya sehemu zake mbili.

(b) Mota inapoanza na mota inapozunguka

Mota si kama globu. Globu ya tochi ikishawaka hutumia mkondo ule ule mpaka izimwe. Mota huanza kwa mkondo mkubwa, kisha mkondo hupungua kadiri inavyopata kasi. Mota ndogo ya gari la kuchezea, ya volti 3, aghalabu hutumia sehemu moja hadi tatu ya kumi ya ampea inapozunguka bila mzigo. Ukiushika mhimili wake usizunguke, mkondo waweza kupanda ukazidi ampea moja.

Sababu yake ni hii. Koili ya mota ikizunguka kati ya sumaku, yenyewe huzalisha umeme kama dainamo ya baiskeli izalishavyo. Umeme huo hukabili msukumo wa chanzo na kuupunguza. Kasi ikiwa kubwa, ukabili ni mkubwa na mkondo huwa mdogo. Mota ikisimama, hakuna ukabili wowote. Kinachouzuia mkondo ni ukinzani wa koili, wa nyaya na wa chanzo tu.

Kwa hiyo mwenye kuchagua chanzo asiitazame mota inapozunguka kwa raha. Aitazame inapoanza, na inapoelemewa na mzigo.

(c) Hesabu ya seli mpya na seli kuukuu

Tuchukue mota ya volti 3 yenye koili ya omu 1.0, na nyaya zenye omu 0.1. Kwanza tunatumia seli mbili mpya ambazo ukinzani wake wa ndani kwa jumla ni omu 0.4. Ukinzani wote ni omu 1.5. Mkondo wa kuanzia ni 3 kugawanya kwa 1.5, yaani ampea 2. Ndani ya seli zenyewe hupotea 2 mara 0.4, yaani volti 0.8. Katika ncha za seli hubaki volti 2.2, na mota huanza kwa nguvu.

Sasa tunatumia seli mbili kuukuu ambazo ukinzani wake wa ndani umepanda ukafika omu 4.9. Seli kuukuu hupungua volti pia, lakini tuziache zile zile 3 ili hesabu iwe nyepesi. Ukinzani wote ni omu 6.0. Mkondo wa kuanzia ni ampea 0.5 tu. Ndani ya seli hupotea volti 2.45, na katika ncha zake hubaki volti 0.55. Mota hutetemeka kidogo, au haijongei kabisa.

Somo la hesabu hii ni muhimu kwa mwalimu. Seli kuukuu zikipimwa kwa mita zikiwa peke yake, zaweza kuonyesha karibu volti 3, na mwalimu akadhani mota ndiyo mbovu. Chanzo hupimwa kikiwa kazini, si kikiwa kimepumzika.

Kadhalika hesabu hii inaeleza kwa nini betri ndogo ya pembe nne ya volti 9 haifai kuendeshea mota, japokuwa watoto huipenda. Ndani yake mna seli sita ndogo za volti 1.5 zilizopangwa kwa mfululizo. Udogo wa seli hizo na wingi wake hufanya ukinzani wa ndani uwe mkubwa. Volti zake zimezidi zile mota inazozitaka, na ampea zake ni haba: kanuni yetu imevunjwa pande zote mbili.

(d) Mota iliyosubiri chanzo

Mwalimu apendaye kuunganisha sayansi na historia ataona kwamba tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1800 Volta wa Italia alitangaza betri yake. Mwaka 1820 Oersted, mjini Copenhagen, alionyesha kwamba waya wenye mkondo huigeuza sindano ya dira. Mwaka uliofuata, 1821, Faraday wa London aliufanya waya wenye mkondo uizunguke sumaku. Mwaka 1837 Thomas Davenport, mhunzi wa Marekani, alipata hataza ya mota yake. Hata hivyo mota haikuenea viwandani wakati huo. Kikwazo hakikuwa mota, kilikuwa chanzo. Betri za siku hizo zilikula zinki, na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa ya mawe ya injini ya mvuke. Mota zilianza kuenea baada ya kupatikana dainamo zinazozalisha umeme mwingi kwa gharama ndogo; katika maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873 ilionyeshwa wazi kwamba dainamo moja ikizungushwa yaweza kuiendesha ya pili kama mota. Ni dhahiri, basi, kwamba mwenye mota bila chanzo hana mota.

SEHEMU YA PILI: KUCHAGUA CHANZO

Mbele ya mwalimu wa siku hizi pana vyanzo vingi kuliko vilivyokuwapo zamani. Tuvipime kimoja kimoja kwa maswali matatu: Je, volti zake zinalingana na mota? Je, yaweza kutoa ampea za kutosha? Je, mtoto aweza kukishika bila hatari?

1. Seli kavu kubwa za tochi. Mbili kwa mfululizo hutoa volti 3. Hutoa ampea za kutosha kwa mota ndogo, na mtoto huzishika bila hofu. Hiki ndicho chanzo cha kwanza kwa darasa la shule ya msingi. Seli ndogo zaidi, kama zile za rimoti, zaweza kutumika lakini huchoka upesi.

2. Paneli ndogo ya jua, kama ile ya taa za kusomea. Ni salama, na haina gharama baada ya kununuliwa. Mkondo wake hutegemea mwanga unaoiangukia. Mwalimu asome kwanza volti zilizoandikwa nyuma yake. Wingu likipita, mota hupunguza mwendo au husimama, na watoto huona kwa macho kwamba chanzo ndicho kinachoamua. Hufaa kwa somo la nje ya darasa.

3. Chaja ya simu. Hutoa volti 5, ambazo ni nyingi mno kwa mota ya volti 3. Zaidi ya hayo upande wake mmoja umo katika soketi, na chaja duni zimetengenezwa kwa uhafifu kiasi kwamba haziaminiki kuutenga umeme wa ukutani na mkono wa mtoto. Haifai kwa kazi za wanafunzi.

4. Betri za lithiamu zinazotolewa katika simu na kompyuta. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo, hivyo zikipigwa shoti hutoa mkondo mkubwa ghafla. Zaweza kuvimba, kutoa moshi na kuwaka. Zikitobolewa ni hatari vilevile. Zisiingie darasani.

5. Betri ya gari, ya pikipiki au ya mfumo wa jua wa nyumbani. Ina volti 12, na ina uwezo wa kutoa mamia ya ampea. Ufunguo au spana ikiangukia juu ya ncha zake mbili huwa nyekundu kwa joto. Aidha ina asidi, na inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Ni kielelezo kizuri cha kutazamwa kwa mbali, si chanzo cha mazoezi ya watoto.

6. Soketi ya ukutani. Ina volti 230, na mkondo wake ni mkondo geu, ilhali mota tunayoizungumzia hutaka mkondo mnyoofu. Ni marufuku kabisa.

Mwanachuo atambue kwamba orodha hii si ya mwalimu pekee. Inafaa kuwa kazi ya darasa: watoto wavitaje vyanzo wanavyovifahamu nyumbani, kisha wavipime kwa maswali yale yale matatu. Katazo ambalo mtoto ameshiriki kulijenga hudumu kuliko katazo alilopigiwa kelele.

SEHEMU YA TATU: KUUNGANISHA

Vifaa vya kikundi kimoja cha watoto watano ni hivi: mota moja ya volti 3, seli mbili kubwa za tochi zilizo mpya na za aina moja, vipande vitatu vya waya wenye nyuzi za shaba, kila kimoja kiasi cha sentimita 20, swichi, ambayo yaweza kutengenezwa kwa kipande cha bati la kopo na misumari miwili juu ya ubao, karatasi ngumu ya kuvingirishia seli, na mpira wa tyubu ya baiskeli.

Hatua ya kwanza. Vingirisha seli mbili katika karatasi ngumu, ncha chanya ya moja ikiigusa ncha hasi ya nyingine. Funga kwa mpira wa tyubu kutoka mwanzo hadi mwisho, ili zibanane barabara. Seli zilizolegea ni chanzo kibovu hata zikiwa mpya.

Hatua ya pili. Menya ncha za nyaya kiasi cha sentimita mbili na usokote nyuzi zake ziwe kitu kimoja. Ikiwa shaba imeingia kutu, isugue mpaka ing'ae. Uzi mmoja uliotokeza waweza kugusa mahali pasipotakiwa na kuleta shoti.

Hatua ya tatu. Unganisha waya wa kwanza kati ya mota na swichi, na wa pili kutoka ncha ya pili ya mota. Swichi iwe wazi. Yafaa waya wa upande chanya uwe mwekundu na wa upande hasi uwe mweusi. Zikikosekana rangi hizo, funga alama ya uzi. Desturi hii ndogo humwandaa mtoto kwa kazi kubwa za baadaye.

Hatua ya nne. Kabla ya kuunganisha seli, mwanafunzi mmoja afuate sakiti kwa kidole kutoka ncha chanya, kupitia swichi na mota, mpaka ncha hasi, huku akitaja kila anachokipitia. Akifika ncha hasi bila kupitia mota, kuna shoti, na kazi isimame hapo.

Hatua ya tano. Unganisha seli mwisho, kisha funga swichi. Wakati wa kubomoa, seli ndizo za kwanza kutolewa. Kanuni ya kukariri ni fupi: chanzo huingia mwisho na hutoka kwanza.

Mota isipozunguka, mwalimu asiongeze seli. Afuate utaratibu: je, viungo vimekaza? Je, swichi inagusa? Je, mhimili unazunguka kwa kidole? Je, seli, zikipimwa kazini, zina volti za kutosha? Kutafuta kosa kwa utaratibu ni elimu yenyewe, na aghalabu watoto hujifunza zaidi katika mota iliyogoma kuliko katika ile iliyozunguka mara moja.

Kikundi chenye mota mbili huziunganisha sambamba, kila moja ikiwa na nyaya zake mbili zinazofika kwenye ncha za seli. Hapo kila mota hupata volti 3, ila mkondo unaotoka kwenye seli ni jumla ya mikondo ya mota zote mbili. Zikiunganishwa kwa mfululizo, mota hugawana volti na zote huenda polepole. Watoto watabiri kwanza, waandike utabiri wao, ndipo wajaribu. Kisha waishike mota moja katika mpangilio wa sambamba na kutazama ile nyingine inavyopunguza mwendo. Waulizwe: ile mota ya pili haikuguswa, mbona imepungua?

SEHEMU YA NNE: MFANO WA KULIONGOZA DARASA

Jaribio linalofuata ni jepesi, nalo huonyesha jambo lililoelezwa katika sehemu ya kwanza (b) bila mita yoyote. Katika sakiti ya mota na seli mbili, ongeza globu ndogo ya tochi kwa mfululizo. Globu iwe ile ya zamani yenye uzi unaowaka ndani. Taa za LED za siku hizi hazifai kwa jaribio hili. Mota ikizunguka huru, globu huwaka hafifu. Mota ikishikwa, globu hung'aa.

Tunatoa hapa mfano wa mazungumzo, si kwa nia ya kuyakariri, bali ili kuonyesha namna ya kuuliza.

Mwalimu: Tazameni globu. Sasa Rehema ataushika mhimili kwa vidole. Kabla hajashika, nani ataniambia globu itafanyaje?
Mwanafunzi: Itazimika, Mwalimu, kwa sababu mota imesimama.
Mwalimu: Wangapi wanakubaliana naye? Wangapi wanasema itabaki vilevile? Haya, Rehema, shika.
Wanafunzi: Imewaka sana!
Mwalimu: Tulitazamia izimike. Kung'aa kwa globu kunatuambia nini juu ya mkondo?
Mwanafunzi: Umeongezeka.
Mwalimu: Mota isiyofanya kazi imechukua mkondo mwingi kuliko ile inayozunguka. Mkondo huo mwingi umekwenda wapi, ikiwa hauzungushi kitu?
Mwanafunzi: Labda mota inapata moto.
Mwalimu: Tutawezaje kujua?

Mwalimu aone kwamba jibu la kwanza la mwanafunzi lilikuwa si sahihi, na hakulikemea. Alilifanya kuwa utabiri wa kupimwa. Alipofika mwisho hakueleza. Aliuliza njia ya kujua. Watoto watapendekeza wenyewe kuondoa globu, kuishika mota kwa sekunde chache na kuigusa. Ni vyema kufanya hivyo kwa muda mfupi tu, kwani mota iliyoshikwa hupata joto upesi. Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye mashine ya kusaga kijijini: kwa nini mwenye mashine huizima mara moja inaposongwa na mahindi? Watoto wanaopeleka debe mashineni kila wiki watajibu wenyewe.

SEHEMU YA TANO: KUUFUNGA MLANGO WA SOKETI

Tulisema mwanzoni kwamba mtoto aliyeiona mota ikizunguka huweza kuupeleka ujuzi wake kwenye soketi. Maneno "ni hatari, usiguse" hayatoshi, kwa sababu mtoto ameshika seli siku nzima wala hakudhurika. Kwake umeme umekuwa rafiki. Anahitaji sababu, na sababu hiyo yaweza kutolewa kwa hesabu ya kugawanya tu.

Tuseme mwili wa mtu mwenye jasho una ukinzani wa omu 1,500. Akishika ncha za seli mbili, mkondo upitao mwilini ni 3 kugawanya kwa 1,500, yaani ampea 0.002. Hata kuuhisi ni vigumu. Akigusa umeme wa ukutani, mkondo ni 230 kugawanya kwa 1,500, yaani karibu ampea 0.15. Mkondo wa sehemu moja ya kumi ya ampea ukipita kifuani waweza kuusimamisha moyo.

Hapa mwalimu awaelekeze watoto kwenye jambo la kushangaza. Mota yao ndogo hutumia ampea 0.2, ambazo ni nyingi kuliko zile zinazoweza kumwua mtu. Kwa nini basi mota haikuwadhuru? Kwa sababu volti 3 hazina msukumo wa kuupitisha mkondo huo katika ngozi. Volti 230 zinao. Tofauti ya volti na ampea, ambayo mwanzoni ilikuwa somo la betri ya gari, sasa imekuwa somo la uhai wao. Watoto waandike hesabu zote mbili katika madaftari yao, nao wazipeleke nyumbani wakazieleze kwa wadogo zao.

Somo la mota lisilofika kwenye hesabu hii halijakamilika, hata kama mota zote zimezunguka.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuchagua chanzo cha umeme si kazi ya mafundi pekee. Kanuni inayotawala mota ya gari la kuchezea ndiyo itawalayo pampu ya maji, mashine ya kusaga, na hata treni ya umeme ya kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ambayo nyaya zake za juu zina volti 25,000: kila mota lazima ipewe msukumo unaoifaa, mkondo unaoitosha na njia iliyo salama. Mtoto akiielewa kanuni hiyo akiwa na seli mbili mkononi, ameielewa kwa maisha yake yote. Kazi ya mwalimu ni kuhakikisha kwamba anaielewa kabla hajafika mahali ambapo kosa halina nafasi ya kurudiwa.

MASWALI KWA WANACHUO

1. Una mota ya volti 3 na seli nne za tochi, mbili mpya na mbili kuukuu. Eleza kwa hesabu kwa nini si vyema kuzichanganya seli mpya na kuukuu katika mfululizo mmoja.

2. Mwanafunzi anakuletea betri ya simu ya zamani na kuomba aitumie darasani. Andika jibu utakalompa, ukitumia maswali matatu ya Sehemu ya Pili, bila ya kumvunja moyo.

3. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 juu ya jaribio la globu na mota. Onyesha maswali utakayouliza na utabiri unaotazamia kwa wanafunzi.

4. Tembelea mashine ya kusaga au pampu iliyo jirani na chuo. Ukiwa na idhini ya mwenyewe, soma kibandiko cha mota bila kugusa kitu, unakili volti na ampea zake, kisha eleza darasani kwa nini nyaya zake ni nene kuliko zile za taa.